Kununua tela lililotumika: Kagua chini kabla ya kuangalia rangi

TELA halina injini, halina gia wala usukani, na ndiyo sababu wanunuzi wengi huliangalia kwa dakika chache tu kabla ya kutoa fedha. Anayenunua lori lililotumika humwita fundi, huwasha injini, husikiliza mlio na kutazama moshi. Anayenunua tela hupiga teke tairi moja, husifu rangi, kisha huulizia bei ya mwisho.

Matokeo ya haraka hiyo huonekana baadaye, aidha kwenye mizani, ambako tela hubainika kuwa zito kuliko ilivyotarajiwa, au kwenye mteremko, ambako breki ambazo hazikukaguliwa ndizo pekee zinazoweza kuzuia tani 30 za mzigo zisilisukume lori bondeni.

Suala hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Lukole, Benaco na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi hupita jirani, na malori yenye matela huelekea Rusumo na Kabanga usiku na mchana. Benaco yenyewe, kituo ambacho madereva hula na kulala, ilirithi jina lake kutoka kwa kampuni ya ujenzi wa barabara.

Mfanyabiashara anayeyaona malori hayo kila siku hushawishika kwa urahisi kwamba akipata kichwa kimoja na tela moja, naye ataingia katika kazi hiyo. Wapo pia wanaohitaji tela la trekta kwa ajili ya kusomba mahindi, maharage na ndizi kutoka mashambani, na wengine hutafuta tela dogo la kuvutwa na pikapu. Kwa kuwa tela jipya ni ghali, wengi huanza na lililotumika.

Eneo hilo lina historia ndefu ya mizigo mizito. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi na kupiga kambi Benaco. Lukole nayo ikawa kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Burundi hadi ilipofungwa kabla ya mwaka 2010. Kwa miaka yote hiyo chakula, mahema na dawa vilifikishwa kwa malori, mengi yao yakipita katika barabara za vumbi na matope.

Tela lililoanza kazi wakati huo sasa lina umri wa miaka 30. Kwa hiyo mnunuzi anapoelezwa kwamba tela fulani "lilikuwa la shirika", maneno hayo yasimtulize. Shirika huenda lilitunza vyombo vyake vizuri, lakini barabara ilikuwa ileile, na chuma hakijui kilibeba msaada au kilibeba saruji.

Rangi mpya ni swali, si jibu

Jambo la kwanza kulitilia shaka ni rangi mpya, hasa iliyopakwa upande wa chini. Uvungu wa tela linalofanya kazi huwa na matope makavu, grisi na vumbi jekundu. Ukiukuta wote ni mweusi na unang'aa, basi kuna mtu aliyeona sababu ya kulala chali akiwa na brashi mkononi.

Si kila muuzaji anayepaka rangi ni tapeli, kwani hata nyumba hupakwa chokaa kabla ya kupangishwa. Hata hivyo, rangi nzito huziba nyufa na kuficha mahali palipochomelewa. Mnunuzi ana haki ya kuomba ruhusa ya kukwangua sehemu chache karibu na maungio, na muuzaji anayekataa katakata huwa amekwisha kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Njia nzuri zaidi ni kukubaliana kwamba tela lioshwe kwa maji, liachwe likauke, kisha likaguliwe kwa tochi asubuhi. Ufa katika chuma huruhusu maji kuingia, na baada ya kukauka huacha mstari mwembamba wa kutu wenye rangi ya kahawia. Mstari huo ukionekana kando ya mahali palipochomelewa, chuma kimeanza kuachana.

Nyufa hazitokei ovyo. Katika tela la lori, sehemu za kuangaliwa kwanza ni bamba la mbele linalobeba pini ya kuunganishia, mahali ambapo nguzo kuu mbili za chasisi hupinda au kupungua kimo, sehemu inayoshikilia miguu ya kusimamishia tela, na vishikizo vya springi. Hapo ndipo uzito hubadilisha mwelekeo, na hapo ndipo chuma huchoka.

Kuchomelewa peke yake si kosa. Tela la miaka 15 ambalo halijawahi kuchomelewa ni adimu katika barabara za Afrika Mashariki. Tofauti iko katika namna kazi ilivyofanyika. Bamba la kuimarisha lililokatwa kwa pembe za mshazari na kuchomelewa kwa mstari uliotulia huonyesha fundi aliyejua kazi. Vipande vilivyorundikwa kimoja juu ya kingine, au mstari wa kuchomelea uliokata wima katika ukingo wa chini wa nguzo kuu, ni dalili kwamba ufa utarudi pembeni mwa kiraka hichohicho.

Kamba moja hueleza mengi

Kipimo kingine hakihitaji chombo cha gharama. Funga kamba nyembamba mbele ya nguzo kuu ya chasisi, ivute ikaze hadi nyuma, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya kamba na chuma. Matela mengi ya mizigo hutengenezwa yakiwa yamepinda kidogo kwenda juu katikati, ili yakipakiwa yanyooke. Tela tupu ambalo nguzo yake imebonyea kwenda chini limekwisha kubebeshwa kupita uwezo wake, na si mara moja.

Kamba hiyo ifungwe pande zote mbili. Upande mmoja ukitofautiana na mwingine, tela limepinda, pengine kwa kuanguka au kwa kupakiwa upande. Wapo wanaosimama nyuma ya tela umbali wa hatua 20 na kulitazama tu likiwa katika uwanja tambarare. Jicho lililozoea hugundua haraka tela lililolala upande.

Baada ya hapo hufuata kupima ekseli. Kwa kutumia futi ya utepe, pima kutoka kwenye pini ya mbele hadi ncha ya kulia ya ekseli ya kwanza, kisha hadi ncha ya kushoto. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa kulingana. Tofauti ikizidi milimita chache, tela hutembea likiwa limekaa mshazari. Dereva huligundua kwenye kioo, mmiliki huligundua kwenye bili ya matairi.

Matairi yenyewe hutoa ushahidi. Tairi lililoliwa upande mmoja, au lenye meno kama ya msumeno ukilipapasa kwa kiganja, huashiria ekseli isiyonyooka, beringi zilizolegea au bushi za springi zilizokwisha. Kwa hiyo mnunuzi asifurahie haraka tela lililofungwa matairi mapya matupu. Huenda matairi ya zamani yangemweleza jambo. Aombe kuyaona, kama bado yapo.

Umri wa tairi husomwa pembeni mwake, kwenye tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka kumi linaweza kuwa na kashata za kutosha na bado likapasuka likiwa na mzigo. Tela la ekseli tatu lenye tairi pacha hutumia matairi 12, mbali na la akiba, hivyo bei ya tela iliyoonekana nafuu inaweza kupanda sana kabla ya safari ya kwanza.

Breki: sehemu isiyo na msamaha

Wilaya ya Ngara ni ya milima na mabonde. Anayeshuka kuelekea mto Kagera akiwa na mzigo hutegemea breki za tela kuliko za kichwa, kwa sababu uzito mkubwa uko nyuma. Breki za tela zikiwa dhaifu, kichwa hulazimika kuzuia peke yake, breki zake hupata moto na kupoteza nguvu, au tela hukisukuma kichwa hadi vikunjane.

Matela ya malori hutumia breki za upepo. Mipira miwili hutoka kwenye kichwa: mmoja, ambao kwa kawaida ni mwekundu, hujaza matangi ya tela, na mwingine, wa njano, hupeleka amri dereva anapokanyaga. Breki za kuegesha hufanya kazi kinyume cha wanavyodhani wengi: springi kali iliyo ndani ya busta ndiyo inayofunga breki, na upepo ndio unaoifungua. Upepo ukikatika, magurudumu yanatakiwa kujifunga yenyewe.

Kwa hiyo jaribio la msingi ni rahisi. Unganisha tela na kichwa, jaza upepo hadi kiwango cha kawaida, kisha chomoa mpira mwekundu. Breki za tela zinatakiwa kukamata mara moja. Jaribu kulivuta taratibu. Magurudumu yanatakiwa kugoma yote, kulia na kushoto. Tela likitembea kama vile hakuna kilichotokea, majadiliano ya bei yasimame hapo.

Sababu yake mara nyingi hupatikana uvunguni. Zipo busta ambazo springi yake imefungwa kwa boliti ndefu inayochomoza nyuma. Boliti hiyo imewekwa na mtengenezaji kwa ajili ya dharura, ili tela lililokwama liweze kuvutwa hadi gereji. Lakini baadhi ya madereva huifunga na kuiacha hivyo kwa miezi, kwa kuwa busta inavuja na hakuna fedha ya kununua nyingine. Tela la namna hiyo halina breki ya kuegesha katika gurudumu hilo.

Ujanja mwingine ni mpira wa upepo uliokunjwa na kufungwa kwa waya au kipande cha tyubu. Maana yake ni kwamba ekseli hiyo imetolewa katika kazi ya breki, na zilizobaki zinabeba mzigo wake. Ekseli mbili zikifanya kazi ya tatu, bitana huisha haraka na ngoma hupata moto hadi zinapasuka nyufa ndogondogo.

Mkaguzi alale chini wakati mtu mwingine akikanyaga breki, na atazame mikono ya chuma inayosukumwa na busta. Yote inatakiwa kusogea kwa umbali unaokaribiana. Mmoja ukienda mbali zaidi ya mingine, haujarekebishwa au bitana zake zimekwisha. Usiosogea kabisa umeganda kwa kutu. Kisha injini izimwe na wote wanyamaze. Mvujo wa upepo husikika vizuri zaidi katika ukimya, na maji ya sabuni huonyesha mahali ulipo.

Kwa beringi, gurudumu lipandishwe kwa jeki likazungushwe kwa mkono, kisha lishikwe juu na chini na kutikiswa. Mlio wa kukwaruza, au mchezo unaohisika mikononi, hudai habu ifunguliwe. Grisi iliyoruka ndani ya rimu maana yake ni sili iliyokufa, na vumbi jekundu la Ngara likishaingia humo hufanya kazi ya msasa. Baada ya kulivuta tela kilometa 20 hivi, sogeza nyuma ya kiganja karibu na kila habu bila kuigusa; ile inayotoa joto kuliko nyingine ndiyo yenye tatizo.

Kuhusu pini ya kuunganishia, pini ya kawaida ya inchi mbili huwa na kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya. Ikishapungua hadi 49 inatakiwa kubadilishwa. Ipimwe kwa kaliperi, pande mbili tofauti, kwa sababu hulika zaidi upande wa mbele na wa nyuma. Fundi asiye na kaliperi anayesema "hii bado" anakisia tu, na hiyo ndiyo pini inayoshikilia mzigo wote.

Uzito wa tela hula faida

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Lakini kikomo hicho ni cha magari yenye ekseli za kutosha. Ekseli ya mbele ya usukani huruhusiwa tani 8, kundi la ekseli mbili zenye tairi pacha tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24.

Chukua mfano wa kichwa chenye ekseli tatu kinachovuta tela la ekseli tatu. Jumla yake ni tani 50, si 56. Kichwa kikiwa na uzito wa tani 9 na tela tani 8, mzigo unaobaki ni tani 33. Sasa tela hilohilo likiwa limeongezwa mabamba ya chuma mara kwa mara, sakafu nzito na kuta za kuzuia mzigo hadi likafika tani 10, mzigo hushuka hadi tani 31. Katika safari kumi, mmiliki amepoteza tani 20 za nauli, na mafuta ameyachoma yaleyale.

Ndiyo maana haitoshi kusoma uzito ulioandikwa ubavuni au kwenye kadi. Uzito huo ni wa siku tela lilipotoka kiwandani. Kabla ya kulipa, tela lipelekwe likapimwe likiwa tupu. Muuzaji anayejisifu kwamba tela lake "limeimarishwa" hasemi uongo, ila gharama ya kuimarisha huko italipwa na mnunuzi kidogo kidogo, kila anapopanda kwenye mizani.

Matela yaliyotumika kutoka Ulaya yanahitaji uangalifu wa ziada. Mengi hutumia tairi moja pana badala ya mbili pacha, na sheria ya Jumuiya huyapa matairi hayo kikomo cha chini zaidi. Aidha, mengi hukalia mifuko ya upepo badala ya springi za chuma. Katika lami laini mifuko hiyo hutunza mzigo vizuri, lakini barabara yenye mashimo huichosha, na ikipasuka njiani haichomelewi kama springi inavyoweza kubadilishwa jani moja katika gereji ya chini ya mti. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, yenye takriban kilometa 92, ilifahamika kwa miaka mingi kwa mashimo yake.

Tela lililotengenezwa nchini au katika nchi jirani, lenye springi za chuma na breki za ngoma, huonekana la kizamani likisimama kando ya lile la Ulaya. Kwa mmiliki wa tela moja anayefanya kazi kati ya Kahama na mpakani, hilo la kizamani mara nyingi ndilo chaguo lenye busara, kwa kuwa kipuri chake hupatikana na fundi wake yupo.

Matela madogo

Kwa tela la trekta, hatari kubwa iko kwenye mkono wa kuvutia na pete yake. Pete ikiwa imelika upande mmoja hadi kubaki nusu ya unene wake, ikatwe na kuwekwa nyingine, wala isiongezwe chuma kwa kuchomelea juu ya kilicholika. Mengi hayana breki kabisa, na wanaoyatumia hupakia watu juu ya magunia. Taa za nyuma na viakisi mwanga ni vitu vya bei ndogo ambavyo huamua kama basi litaliona tela hilo gizani au halitaliona.

Tela dogo la kuvutwa na pikapu au Land Cruiser lina mambo mawili ya pekee. La kwanza ni kiungo chake. Matela kutoka Uingereza na Ulaya hutumia mpira wa chuma wa milimita 50, wakati ya Marekani mengi hutumia wa inchi mbili, yaani milimita 50.8. Tofauti haionekani kwa macho, lakini kikombe cha moja juu ya mpira wa kingine ama hakifungi sawasawa ama hubaki na mchezo, na kinaweza kuruka kwenye shimo. La pili ni umeme: pikapu hutumia volti 12 na malori mengi volti 24, hivyo taa za tela ziendane na gari litakalolivuta.

Wapo pia wanaotafuta matela ya kulala, yale yenye vitanda na jiko ambayo wazungu huyaita karavani, na ambayo katika eneo hili hujulikana zaidi kupitia makambi ya wajenzi wa barabara na wapimaji. Mbali na chasisi na magurudumu, ugonjwa wake mkubwa ni maji. Bonyeza kuta kwa kidole gumba kuzunguka madirisha, kwenye pembe za dari na sakafuni karibu na mlango. Mbao inayobonyea imeoza, na kuta za tela la namna hiyo hutegemea mbao hizo kusimama. Harufu ya ukungu ndani ya tela lililofungwa madirisha haitokani na kukaa bila kutumika, kama wauzaji wanavyopenda kusema, bali hutokana na paa linalovuja. Wakati mzuri wa kulikagua ni siku ya mvua.

Kadi, namba na mpaka

Tela husajiliwa na kupewa namba zake lenyewe, tofauti na za kichwa, na huwa na kadi yake kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Namba ya chasisi iliyoandikwa kwenye kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Kibati cha mtengenezaji hakitoshi, kwa sababu kibati huhamishika kwa riveti nne. Sehemu ya chasisi iliyosagwa, iliyochomelewa upya au yenye tarakimu zisizokaa katika mstari mmoja ipelekwe kwa polisi wa usalama barabarani kabla ya fedha kubadili mikono.

Kadi inayosemekana "iko benki" humaanisha mara nyingi kwamba tela ni dhamana ya mkopo. Katika hali hiyo malipo yafanyike kwa makubaliano ya pande tatu, mkopeshaji akiwamo, na kadi ikabidhiwe kwa maandishi. Kama muuzaji ni kampuni, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) ndiko unakoweza kutazama wakurugenzi ni nani na kama mali za kampuni zimewekwa rehani. Dereva, hata akiwa amelivuta tela hilo miaka kumi, hana mamlaka ya kuliuza.

Mpakani kuna kishawishi cha aina yake. Tela lenye namba za nchi jirani hutolewa kwa bei ya chini, muuzaji akieleza kwamba nchi zote sasa ni za Jumuiya moja. Ni kweli kwamba Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwamba kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilizinduliwa rasmi Aprili 2016. Lakini tela lililoingia nchini kwa kupita tu haliwezi kubaki na kuuzwa bila kupitia forodha, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu mali ya namna hiyo kukamatwa. Anayepoteza hapo ni aliyekutwa nalo.

Baada ya kununua, umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa, na kama tela litafanya biashara ya mizigo, suala la leseni lifuatiliwe katika Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambayo tangu mwaka 2019 imechukua shughuli za nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA. Muuzaji naye ana sababu ya kulisimamia jambo hili, kwa kuwa tela linapopata ajali likiwa bado na jina lake, yeye ndiye wa kwanza kutafutwa.

Mkataba wa mauzo uandikwe, utaje namba ya chasisi, idadi na hali ya matairi, na kasoro zote zilizoonekana wakati wa ukaguzi. Sehemu ya malipo ibaki hadi tela lipakiwe mzigo halisi na kusafiri walau mara moja, kwa kuwa springi iliyokatika jani la ndani na chasisi iliyolegea huweza kukaa kimya tela likiwa tupu. Kama muuzaji hakubali sharti hilo, basi mzigo wa majaribio utafutwe na upakiwe mbele yake, kamba ifungwe tena kwenye nguzo kuu, na futi irudi kupima.